Sahani ya Mushagalusa

Ndagala, dagaa wa ziwani, walikuwa wote kwenye sahani, na mchuzi wa mawese haukupungua hata tone. Chumvi tu ndiyo haikuwamo. Aksanti alionja tena. Alikuwa ameitia kwa mkono wake mwenyewe.

Ilikuwa Septemba 1997, mvua ya kwanza Rumonge, mji wa kando ya ziwa. Mwaka uliotangulia, vita vya Kongo vilipowafukuza kutoka Walungu, mumewe Mushagalusa aliwavusha ziwa yeye na binti yao Elda, kisha akarudi ng'ambo kumchukua mama yake. Hakuonekana tena. Kwao, mvua ya kwanza ikinyesha, mke humwekea chakula mume aliye safarini, akamwita mara tatu kuelekea mlima wa ukoo wake, asisahau njia. Hapa ugenini mlima ulikuwa ng'ambo, kwa hiyo Aksanti aliita juu ya maji.

"Dada, huku hatuiti jina la mutu kwa ziwa," jirani yake Zuwena, mzaliwa wa hapo, alimnong'oneza. "Mule ndani ya maji iko wenyewe. Wataitika."

"Mukataa kwao ni mutumwa," Aksanti alijibu, akiudhika.

Kweli, waliitika. Alasiri ya mvua ya pili mlango ulisukumwa, harufu ya matope ya ziwa ikaingia, na kikohozi cha Mushagalusa kikasikika kwenye kiti kilicho kitupu.

"Mama Elda, nimefika. Chumvi inaniunguza, nimechoka kuitoa. Acha kuitia."

Aksanti hakuwa mjinga. Alijua si yeye. Lakini mwaka mzima hakuisikia sauti ile, na mwenye njaa hachagui kijiko. Akaacha chumvi.

Elda, mwenye miaka sita, alikula kutoka chungu hichohicho. Baada ya wiki mbili akaanza kutema chakula chenye chumvi, hata alipolishwa kwa Zuwena. Mikono yake ikapoa, na kila mvua iliponyesha alitoka kwenda ziwani, mpaka mama yake akamkamata majini, maji yakiwa kifuani.

"Baba anasema nyumba yetu iko chini kule," mtoto alisema.

Aksanti alimkimbilia mwalimu Nasoro wa madrasa. Mzee yule alimtazama kwa huruma.

"Rudisha chumvi, mama. Kitu kile kitaenda. Lakini ile sauti, hutaisikia tena."

Alasiri ile mbingu ilifunga, bunduki za vita vya hapa zikaanza kulia juu milimani, na Aksanti akatia chumvi konzi nzima chunguni, akapakua, akaweka sahani mbele ya kiti, akamkumbatia Elda aliyekuwa baridi kama samaki, akasikia hatua zenye maji zikivuka kizingiti, zikija polepole, kiti kikalia kwa uzito, na kitu kikaonja, kisha kikaanza kulia kwa sauti ya mumewe.

"Mama Elda, umetia chumvi. Unanifukuza, miye?"

Moyo ulimpasuka. Alitaka kusema hapana.

"Bwana yangu alikuwa anapenda chumvi," alinong'ona.

Mlango ulijibamiza. Harufu ya matope ikaondoka na mvua. Mikono ya Elda ilianza kupata joto, naye akainua uso.

"Mama, juu ya nini unasema 'alikuwa'?"

Aksanti alivua kitambaa cha kichwani, akaketi sakafuni kama wakaavyo wajane wa kwao, akaanza kumlilia mumewe.