Mzimu wa Chumba cha Mwisho

Maiti ilikutwa nyuma ya ukuta, kwenye ujia mwembamba ambao wageni hawakuwahi kuuona. Mdomo ulielekea tundu la hewa, kana kwamba bado una neno la kusema.

Inspekta alichuchumaa. Mwanamke huyu hakuwa mtu wa kuamini majini, lakini ngome hii ya kisiwani, gereza la zamani lililogeuzwa kivutio cha watalii, ilimkosesha raha tangu aliposhuka kwenye boti. Kuta zilitoka jasho. Sauti yake ilimrudia kwa kuchelewa, naye hakuipenda hata kidogo.

"Kagongwa kisogoni," alisema daktari wa polisi. "Jiwe hilo hapo. Na ana kitu mkononi."

Ilikuwa bangili ya shaba iliyogandwa na chokaa. Karibu na miguu ya maiti, ukuta ulikuwa umemomonyoka kwa chini.

Marehemu aliitwa Mzimu, na ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mwongozaji alikuwa akiwaingiza wageni chumba cha mwisho, akifunga mlango, kisha akiuliza gizani: "Mfungwa, bado upo?" Mzimu aliguna kupitia tundu lile la hewa. Wageni walipiga mayowe, wakatoka wakichekana.

Mwongozaji alikuwa shemeji yake. Mkewe, dada wa Mzimu, alisemekana kutorokea ng'ambo miaka mingi nyuma. Mama yao aliwakatia wageni tikiti langoni, na simu yake haikuzimwa kamwe, asije binti akapiga akamkosa.

Mama huyo sasa aliishika bangili.

"Nilimvisha mimi siku ya harusi. Ilimbana, haikuwa ikivuka kiganja. Binti yangu hakwenda popote, afande."

Inspekta akamwita mwongozaji.

"Leo asubuhi Mzimu alijibu?"

"Kama kawaida."

"Kundi la kwanza?"

"Ndiyo."

"La pili?"

"Nalo pia."

"La pili bado liko gatini, linanung'unika. Hukuwaingiza chumba cha mwisho."

Mwongozaji alijilamba midomo. "Koo liliniuma. Nikapitiliza."

"Hujawahi kupitiliza tangu uanze kazi hii. Ulijua hakuna wa kukujibu."

"Unanionea, afande."

"Basi nitembeze mimi. Usiruke kitu."

Walitembea. Mwongozaji alieleza mizinga na minyororo kwa sauti iliyozidi kufifia. Inspekta alikuwa amemficha konstebo nyuma ya ukuta ili agune. Ujanja wa kitoto, alijua, lakini aliwahi kuona watu wazima wakivunjwa na vitu vidogo zaidi.

Mlango wa chumba cha mwisho ulifungwa. Giza likawameza.

"Uliza," alisema Inspekta.

"Mfungwa..." Mwongozaji alikohoa. "Mfungwa, bado upo?"

Kisha ukuta ukasema, polepole, kwa sauti ya kike:

"Mwanangu yuko wapi?"

Inspekta mwenyewe alisisimka mwili mzima. Hakuwa amepanga hilo. Kando yake, mwongozaji aliziba masikio.

"Nyamaza! Nyamazeni nyote!" alilia. "Na yule naye asubuhi hakuguna. Aliniuliza mbele ya wageni, 'Dada yuko wapi?' Wageni wakacheka. Walipoondoka nikamfuata."

"Na dada mtu?"

"Alitaka kuniacha. Kila mtu angejua nimeachwa na mke. Tuligombana humu, nikamkaba. Nikamfukia chini ya sakafu, pale ukutani." Alipumua kwa shida. "Lile swali, afande... sikuwa namuuliza mfungwa. Nilikuwa namuuliza mke wangu. Mzimu akiguna, nilijua si yeye, nikalala usingizi."

Inspekta alifungua mlango, akamtia pingu.

Mama alitokea ujiani, nywele zimejaa vumbi la chokaa. Nyuma yake konstebo alisimama ameinamisha kichwa. "Alinisihi nimpishe, afande," alisema. "Nilishindwa kumkatalia."

Mama hakumtazama mkwewe.

"Sehemu gani?"

Inspekta alionesha sakafu karibu na ukuta, iliyong'arishwa na nyayo za wageni ambao mama mwenyewe alikuwa amewakatia tikiti.

Mama alizima simu yake. Kisha akavua viatu, akaingia.