Boliti Kavu

Kila Jumamosi, kabla ya saa moja asubuhi, Nati alifagia baraza, akamwaga maji uani kutuliza vumbi, kisha akamfungulia mama yake geti. Nati halikuwa jina lake la cheti. Alilipata kwa mjomba wake, fundi wa magari, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na mgumu wa kichwa kama nati ya boliti. Mama yake alikuwa mkunga. Alikuwa na gari dogo la zamani, ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku, na kwa gari hilo aliwazungukia wajawazito waliokaa mbali na barabara kuu.

Jumamosi hii geti halikufunguliwa. Gari lilikuwa juu ya stendi nne katika karakana ya mjomba, iliyopakana na ua wao. Bomba la nyuma la ekzosi, linalotoa moshi wa injini, lilikuwa limetobolewa na kutu, na gari lilipowashwa, mtaa mzima uliziba masikio.

"Hao watoto ninaokwenda kuwapokea," mama alizoea kusema, "hunisikia kabla hawajazaliwa."

Leo hata yeye hakutania. Mkaguzi wa magari alikuwa amempa siku kumi za kutengeneza ekzosi, na siku ya kumi ndiyo hiyo. Ofisi yake ingefungwa saa nane mchana. Gari lisipofaulu lingezuiwa kutembea, na wajawazito watatu walikuwa katika wiki yao ya mwisho.

"Shikamoo, Mjomba," alisema Nati, akivaa miwani ya kukinga macho.

"Marahaba. Zile boliti ulizipaka mafuta ya kulegeza kutu? Mara tatu, kama nilivyokuagiza?"

Bomba jipya la nyuma lilikuwa tayari karakanani, lakini lile bovu liliungwa na la katikati kwa boliti mbili zilizojengeka katika bomba hilo la katikati. Mjomba hakugusa boliti yenye kutu kabla haijanywa mafuta mara tatu: alasiri, jioni na alfajiri. Hiyo ilikuwa sheria ya karakana yake. Lakini jana wenzake Nati walimwita kuruka kamba, na jioni akaona uvivu kutambaa mavumbini. Alfajiri alikumbuka, akaogopa, akamwaga mafuta kidogo mchangani ili kopo lionekane limetumika.

"Ndiyo, Mjomba. Mara tatu."

Mjomba alijilaza chali, akateleza chini ya gari, akaikamata nati ya kwanza kwa spana. Akavuta. Akavuta tena. Pakasikika mlio mfupi, mkavu, kama kijiti kinachovunjwa.

"Imekatika!" alisema. Alitoka akiwa na kipande cha boliti kiganjani. "Tazama, mpwa wangu. Imekunywa mafuta tangu jana na bado imekatika kama biskuti. Basi kutu imeingia ndani kabisa. Bomba la katikati nalo limeoza."

"Kwa hiyo tutafanyaje?"

"Nitaagiza jingine. Litafika Jumatano." Akafuta mikono kwa tambara, akatoa simu. "Ngoja nimwambie dada asubiri. Atatembea kwa miguu, hakuna njia nyingine."

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Kutu ingebeba lawama yote. Lakini akilini Nati alimwona mama yake akikata njia za mawe, mkoba begani, na mahali fulani mwanamke mwenye uchungu akiuliza kama mkunga amefika.

"Mjomba, usipige simu."

"Kwa nini?"

"Sikupaka mafuta. Hata mara moja. Yale niliyamwaga mchangani." "Boliti haijaoza. Ilikuwa kavu tu."

Mjomba hakufoka. Alirudi chini ya gari na tochi, akakwangua pale boliti ilipokatikia, akapiga bomba la katikati kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua. Lililia kwa sauti ya chuma kizima.

"Bomba ni zima," alisema hatimaye. "Ningelitupa bure, na dada angekaa siku nne bila gari. Saa ngapi sasa?"

"Saa nne kasorobo."

"Lete mafuta. Ulilala chini ya gari jana? Hukulala. Utalala leo."

Nati alitambaa. Alisugua boliti ya pili kwa brashi ya waya hadi nyuzi zake, ile mistari inayoshika nati, zikaonekana, akaipaka mafuta, akangoja, akapaka tena. Mjomba aliipasha moto nati ya boliti hiyo, akailegeza kidogo, akairudisha, akailegeza tena, bila papara. Ikazunguka! Kisha akatoboa kisiki cha ile iliyokatika, ili boliti mpya ipite. Nati alikwangua uso wa maungio kwa tupa. Vumbi la kutu lilimjaa nyweleni, lakini hakuomba kupumzika.

Saa sita na nusu bomba jipya lilining'inia kwenye mipira yake ya kulishikilia. Mjomba alikaza boliti zote mbili kwa zamu, akawasha gari, akaziba mdomo wa bomba kwa tambara nene lililokunjwa, ili moshi utafute pa kuvujia.

"Weka sikio karibu na maungio, usiguse. Unasikia nini?"

Muda ulikuwa unakimbia. Mama alikwisha kusimama mlangoni, ufunguo mkononi. Nati alisikiliza.

"Bado, Mjomba. Inapumua upande wa kushoto."

"Una hakika? Mimi huku sisikii."

"Nina hakika. Kidogo, lakini inapumua."

Mjomba alizima gari, akakaza upande wa kushoto robo mzunguko, akawasha tena. Safari hii palikuwa na mngurumo laini wa injini, na sauti ya mama akicheka peke yake mlangoni.

"Kumbe gari langu lina adabu!"

Saa saba na dakika arobaini, ofisini kwake, mkaguzi aliinama nyuma ya gari, akapitisha kioo chake chini, akasikiliza, akasikiliza tena. Aligonga muhuri. "Limepita. Aliyefanya kazi hii ni fundi hasa."

"Ni mafundi wawili," alisema mjomba, na Nati akahisi amerefuka shubiri nzima.

Simu ya mama ililia kabla hawajatoka getini mwa ofisi. Alisikiliza, akasema, "Nakuja sasa hivi," akawashusha wawili hao kandoni mwa barabara, akaondoka. Walilitazama gari hadi likakata kona.

"Nisikilize, Nati," alisema mjomba. "Uvivu wako ulivunja boliti, na boliti hutengenezwa. Uongo wako ulikuwa mbaya zaidi, maana mimi nikiwa chini ya gari huona pia kwa macho ya mwenzangu. Uliponidanganya ulinipofusha, nikakaribia kukitupa chuma kizima. Ulipokiri, nikaona. Na ulipokataa kusema bomba limenyamaza ilhali linavuja, nikajua kwamba kuanzia leo naweza kukuamini. Afanyaye kazi na wenzake na aseme ukweli upesi, hata ukimwaibisha, kwa sababu kuna mtu mahali fulani anayengoja kazi hiyo iwe sahihi."

"Nimeelewa, Mjomba. Nisamehe."

"Nilikusamehe saa nne kasorobo. Haya, twende tukafagie karakana."

Nati alitangulia, mikono myeusi kwa kutu na kichwa juu.