Aliyekaribishwa Karakanani

Siku hiyo wimbi lilitokea kwenye kioo cha osiloskopu, na hakuna mtu aliyekuwa ameshika waya.

Karakana ya mafundi wa redio pale Bondeni, Kyela, ina osiloskopu moja tu, mashine inayochora umeme kama mawimbi, na mafundi wote huitumia kwa zamu. Mwenye zamu hugusa kwanza ncha ya waya kwa kidole. Wimbi likionekana, wanajua mashine ni nzima.

Sasa waya ulikuwa umelala mezani, na wimbi likipiga polepole, kama moyo. Telesphory, mkubwa wa karakana, alitania kwamba mashine imelewa. Kisha akasikia harufu ya tope la ziwani, akasogea nyuma.

Humphrey alikuwa amesimama mbele ya kioo. Mkewe Lusungu, fundi mwenzao, alizama ziwani Matema miezi miwili iliyopita, na mwili haukupatikana. Telesphory aliona midomo ya Humphrey ikicheza, akamshika bega.

"Usikipe jina, ndugu yangu. Hujui ni nani."

Akatoka haraka kumwita Mchungaji Asajile. Humphrey akabaki na binti yake Neema, wa miaka sita, aliyekuwa ametoka shule. Moyo wa mfiwa hauna komeo. Akamnyanyua mtoto hadi mezani.

"Gusa hapa. Msalimie mama."

Neema akagusa, akasema shikamoo, na baba yake akanong'ona, "Karibu nyumbani, Lusungu," na papo hapo wimbi likapanda hadi ukingo wa kioo, likashuka, likanyooka kabisa ingawa kidole cha mtoto kilikuwa bado juu ya ncha, na ile harufu ya tope ikahama mezani, ikawa inatoka kinywani mwa mtoto kila alipopumua.

Mchungaji alipofika, aliomba mpaka shati likalowa. Akaliamuru pepo limtoke kwa jina la Yesu. Neema akajibu kwa upole wa mtu mzima.

"Nitoke niende wapi, Mchungaji? Sikuvunja mlango. Nimekaribishwa."

Basi Mchungaji akamwambia Humphrey kwamba aliyelikaribisha ndiye wa kulikana. Aseme tu, wewe si Lusungu, niachie mwanangu.

Humphrey alifungua kinywa. Mtoto akamtazama, akasema taratibu kwa sauti ya Lusungu:

"Baba Neema, umeshakula?"

Telesphory alimbana mkono, akimsihi asijibu.

"Bado, Mama Neema," Humphrey akasema. "Nilikuwa nakusubiri."