Kemar na Mistari ya Uongo

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Kemar Bascombe alikwenda dirishani. Aliishi na bibi yake ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Ashmere, kusini mwa London, na kutoka kule juu aliliona daraja la reli lote. Alitazama nani amesimama upande wa pili. Akiwaona vijana watatu wenye kofia za jaketi zilizovutwa hadi puani, alirudi kitandani akasema tumbo linamuuma. Walikuwapo kila siku. Tumbo lilikuwa likimuuma wiki ya tatu sasa.

Ng'ambo ya daraja ni mtaa wa Brindle. Shule iko huko, na duka la chipsi, na kanisa la bibi. Nilifagia ngazi za jengo lile miaka sita, na nawaambieni kweli, vijana wa Ashmere na wa Brindle hawavuki daraja lile ovyo. Ugomvi ulianza lini, hakuna anayekumbuka. Kemar mwenyewe zamani alivuka bila shida, kwa kuwa hakuna aliyemjali. Baba yake alikuwa gerezani, mama yake alikwenda zake, na yeye alichojaliwa ni ulimi. Alijua kurapu. Hata ungegonga tu mlango wa lifti, yeye angeushika mdundo huo akakumwagia mistari mpaka uketi chini.

Ulimi huo ndio uliomfunga.

Mwezi wa pili, kijana mmoja wa Brindle aitwaye Reece alichomwa kisu pale darajani. Alipona, ila aliyemchoma hakujulikana. Wiki moja baadaye Kemar alirapu kwenye ngazi, rafiki yake Tobi akimrekodi kwa simu, na katika mistari ile alijisifu kwamba ni yeye aliyemchoma. Uongo mtupu! Jioni Reece alipochomwa, yeye alikuwa ukumbi wa chini wa jengo letu, kwenye usiku wa tisa wa msiba wa Mzee Cuthbert, mkesha ambao watu wa Karibi humuagia marehemu, akiosha vyombo.

"Mbona umesema ni wewe?" Tobi alimuuliza.

"Kaka, nani atamsikiliza mtu anayeosha sahani?"

Tobi aliiweka rekodi mtandaoni, wakamsikiliza watu elfu ishirini. Siku mbili nzima Kemar alitembea kifua mbele. Siku ya tatu vijana wa Brindle wakaanza kusimama darajani. Siku ya nne wakaja polisi wawili, wakachukua simu yake, wakamwambia watarudi.

Mtauliza, kwa nini hakusema tu kwamba alidanganya? Wapenzi wa rapu wana jambo lao moja. Msanii wao akiwa mlevi, akiwa mfungwa, watamsamehe. Lakini ikigundulika kwamba mistari yake si maisha yake, amekwisha. Kemar aliona heri aitwe mchoma visu kuliko aitwe muongo.

Jumapili bibi yake, Verline, alivaa kofia yake ya zambarau yenye unyoya, akaenda kanisani. Alirudi kichwa wazi.

"Bibi, kofia yako iko wapi?"

"Relini." Alikaa kitini bila kuvua koti. "Vijana wa darajani wameniuliza, 'Wewe ndiye bibi yake yule mchoma visu?' Nikasema mjukuu wangu hajamchoma mtu. Wakacheka. 'Mwenyewe kasema!' Kisha wakainyakua, wakairusha."

"Wamekupiga?"

"Usiniulize mimi. Jioni ile sahani aliziosha nani?"

"Mimi."

"Basi sema."

"Bibi, huelewi. Nikisema nilidanganya, watanicheka mpaka nizeeke. Nimekwisha."

"Na sasa hivi unaishi? Unachungulia dirishani kama paka! Baba yako alifungwa na askari. Wewe umejifunga mwenyewe, na ufunguo umeuficha mdomoni."

Kemar alikitazama kichwa cha bibi yake, nywele nyeupe zilizovurugwa na upepo. Kisha akashuka ghorofa zote kumi na moja kwa miguu, maana lifti ilikuwa mbovu kama kawaida, hadi chumba cha kurekodia cha Ossie, aliyekuwa msanii enzi zake.

"Anko Ossie, nataka kurekodi."

"Visu tena? Mimi simo."

"Sahani."

Ossie alimkazia macho kidogo, akawasha mitambo.

*Siku ya daraja sikushika kisu, nilishika sifongo,*
*mikono kwenye povu, mistari yangu ilikuwa uongo.*
*Bibi kapoteza kofia kwa sababu ya mdomo wangu,*
*Reece, nisamehe, jeraha lako halikuwa tendo langu.*

Wimbo ulipotoka, watu walicheka, tena sana. "Umejimaliza, Sahani!" Tobi alipiga kelele ngazini, na jina likaganda. Kemar akaongozana na bibi kituo cha polisi, na akina mama tisa wa msibani wakaja kumtolea ushahidi. Mmoja alikumbuka hata bakuli lake la kioo ambalo Kemar alilivunja. Simu ikarudishwa.

Jumatatu ya wiki iliyofuata alivaa sare, akaenda darajani. Wale watatu walikuwapo.

"We! Simama," alisema mrefu wao. "Wewe ndiye wa kuosha sahani?"

Kemar alisogea hatua moja mbele. "Ni mimi."

Yule mrefu aliangua kicheko mpaka akashikilia ukingo wa daraja. "Pita, Sahani! Kwetu vyombo vimejaa, ukirudi utuoshee."

"Kwanza rudisheni kofia ya bibi yangu."

Kicheko kikakatika. Kijana akatazama viatu vyake. "Ilikanyagwa na treni," alisema. "Mwambie... mwambie samahani."

Kemar akavuka.

Leo amekua, anajaza kumbi hadi Manchester, na jina lililoandikwa mlangoni ni lile lile, Sahani. Lakini jioni ya Jumatatu ile alirudi nyumbani na chipsi zilizolowa siki, akamkuta bibi akimngoja.

"Umeona, mjukuu wangu?" alisema bibi. "Uongo wako walikupigia makofi, ukashindwa hata kwenda shule. Ukweli wamekucheka, na leo umevuka daraja. Usijisifie ubaya hata siku moja, na ubaya usioufanya ndio kabisa, maana watu watakuamini. Sema maisha yako yalivyo." Akachukua chipsi moja. "Haya, nenda jikoni. Sahani zinakungoja."