Uso wa Gitaa la Vénérande

Nyuzi zilikuwa zimekazwa.

Mwalimu Melkiadi Lyamba alisimama mlangoni mwa banda lake, kufuli bado mkononi, akayatazama magitaa saba yaliyoning'inia ukutani. Jana yake alikuwa amezilegeza nyuzi zote kwa vidole vyake mwenyewe, kwa sababu alikuwa anafunga kazi, na gitaa linalomsubiri mwenyewe halifai kukaa limevutwa. Kufuli alilikuta kama alivyoliacha. Dirisha lilikuwa limekomewa kwa ndani. Akagusa uzi wa gitaa lililokuwa karibu, ukalia safi, umekazwa barabara.

"Mama Lusia," akaita. "Kuna mtu aliingia humu?"

Mkewe, Skolastika, alikuwa jikoni akisonga ugali. "Ufunguo unao wewe," akajibu. "Nani aingie?"

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1995, saa saba mchana, na Melkiadi alikuwa ametoka shuleni kuja kula. Mpanda nzima ilikuwa imekauka. Mvua ya mwisho watu walikuwa wameshaisahau, na vumbi jekundu lilikuwa limekaa juu ya mabati na juu ya majani ya mipapai.

Banda lile lilianza kama mchezo tu. Miaka sita nyuma gitaa la kwaya ya parokia lilivunjika shingo, na Melkiadi, ambaye alikuwa akifundisha stadi za kazi, akalichukua nyumbani kujaribu. Akachonga shingo mpya ya mninga. Lilipolia vizuri kuliko zamani, ugonjwa ukamwingia. Wanakwaya wa Karema wakaleta la kwao. Vijana wa bendi ya harusi wakataka yao yatiwe pikapu, vile vinasa sauti, ili yapige kwa umeme. Mvuvi mmoja wa Ikola akataka jina la marehemu mama yake liandikwe kwenye gitaa kwa vipande vya magamba ya kome wa ziwani, na Melkiadi akavikata na kuvipachika herufi moja moja, wiki mbili nzima, kwa furaha. Mwisho akajenga banda uani, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: MAGITAA. TUNAGEUZA UPENDAVYO.

Sasa alikuwa anafunga. Aliyeuliza aliambiwa macho yamechoka. Mkewe aliambiwa kazi za shule zimezidi. Ukweli hakumwambia mtu, na ukweli ulimhusu mama mmoja mkimbizi aliyeitwa Vénérande.

Mwaka uliotangulia mama huyo alikuja kutoka makazi ya Katumba, amepakiwa kwenye baiskeli, amelipakata gitaa lililofungwa kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa. Lilikuwa la mumewe, Silvesta. Walipokimbia vita kwao Burundi walivuka mto Malagarasi usiku. Mke na watoto walitangulia. Silvesta akaingia majini nyuma yao, gitaa amelinyanyua. Asubuhi gitaa liliokotwa kwenye matete, uso wake mkavu kabisa. Yeye hakuonekana tena.

"Nikazie shingo tu, Mwalimu, imelegea," Vénérande alimwambia. "Na uzi wa tatu usiupandishe. Yeye alipenda ulegee kidogo."

Mama alipoondoka Melkiadi akalipiga. Uso wa gitaa lile, ile mbao ya mbele yenye tundu, ulikuwa wa mti mwepesi wa Ulaya, mkongwe, na sauti yake ilitoka kama mtu anayezungumza akiwa chumba kimoja na wewe. Mwezi ule alikuwa akiitengenezea kwaya gitaa jipya kwa ajili ya jubilei ya parokia, na kila mbao aliyojaribu ilikuwa bubu. Siku tatu alizunguka banda. Siku ya nne akapasha kisu moto, akaubandua uso wa gitaa la Vénérande, akaweka plaiwudi mahali pake, akaipaka vanishi mpaka ikafanana. Uso ule mkongwe akaupachika kwenye gitaa la kwaya.

Gitaa la kwaya lilimpa jina. Watu walitoka mpaka Sumbawanga kuja kuuliza fundi ni nani.

Pasaka Vénérande alikuja kusali mjini. Baada ya misa alimsubiri nje ya kanisa.

"Mwalimu, gitaa la kwaya linasema kama la Silvesta," alisema. "La kwangu limenyamaza tangu nilichukue kwako. Nafikiri ni mimi. Nalia sana juu yake, machozi yangu yameliharibu."

Hapo ndipo angesema. Badala yake alimwekea mkono begani. "Mbao nazo huomboleza, mama," akamwambia. "Lipe muda."

Vénérande alimshukuru. Tangu siku hiyo kila aliposhika patasi Melkiadi aliiweka chini tena. Ndiyo maana alikuwa anafunga.

Mchana ule alizilegeza nyuzi tena, akafunga, akarudi shuleni. Kesho yake, saa saba, zote zilikuwa zimekazwa. Safari hii alipiga gitaa moja, uzi baada ya uzi. Wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili sawa. Wa tatu ulikuwa umelegea kidogo. Akahamia gitaa la pili, la tatu, mpaka la saba. Kila moja, uzi wa tatu ulikuwa umelegea kidogo, kiasi kilekile. Kisha akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya matope na nguo iliyolowa ikakosa jua, na nje kulikuwa na kiangazi kikavu.

Alianza kuyagawa magitaa haraka. Aliwafuata wenyewe majumbani, mengine akayapeleka bila kuyamaliza, akiomba radhi. Ndani ya wiki moja ukuta ukabaki na misumari. Alifikiri magitaa yakiondoka, na mambo yale yataisha.

Jumatatu saa saba alikuwa mezani na mkewe. Skolastika akaacha kutafuna.

"Baba Lusia," akanong'ona. "Si ulisema yameisha yote?"

"Yameisha."

"Basi nani anakaza uzi mle ndani?"

Walisikiliza. Kutoka kwenye banda lililofungwa kulikuja mlio mwembamba, uzi ukivutwa, ukipanda pole pole, ukisita, ukishushwa kidogo. Kisha ukimya. Kisha tena, ukipanda, ukisita, ukishushwa. Mara kadhaa hivyo, kama mtu asiye na haraka. Melkiadi alipokwenda kufungua, hakukuta mtu wala gitaa. Sakafu ya udongo ilikuwa imelowa katikati, na kutoka kwenye ule umajimaji nyayo za miguu mitupu zilielekea kwenye meza yake ya kazi, zikaishia pale. Hakukuwa na nyayo za kurudi.

Skolastika hakumuuliza tena. Alijifunga kanga, akaenda njia ya Kakese, akarudi na Nyanzala, mganga wa Kisukuma aliyehamia na ndugu zake na ng'ombe wao miaka ya nyuma. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye shanga nyeusi na nyeupe mkononi. Aliingia bandani peke yake na kibuyu chake. Walimsikia akiongea kwa sauti ya chini, kama anayemsalimia mgeni wa mtu mwingine. Hakukaa sana.

"Huyu si jini la kutumwa," alisema alipotoka. Alikuwa anamtazama Melkiadi tu. "Jini la kutumwa ningelitoa leo, tukala jogoo. Huyu amekuja mwenyewe kwa miguu yake, na ana maji."

"Mtoe, mama," Skolastika alimsihi. "Sisi tuna mtoto humu."

"Mimi namtoa aliyekuja bila haki." Nyanzala akaziba kibuyu chake. "Huyu anatafuta kitu chake. Nikimfukuza atahamia ndani ya nyumba. Mwalimu, nyie wenye nyumba ndio mnajua ni kitu gani."

"Sijui," Melkiadi akasema.

Mganga aliondoka bila kupokea hata jogoo. Skolastika alibaki amesimama uani akimwangalia mumewe, na Melkiadi akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Aliamua kulibomoa banda. Kesho yake hakwenda shuleni. Alianza kuondoa vifaa asubuhi, randa, patasi, makopo ya gundi, na hadi mchana alikuwa amebakiza rafu moja ukutani. Skolastika alikuwa ameenda sokoni. Melkiadi alikuwa anaing'oa ile rafu aliposikia nyuma yake pumzi za mtu aliyechoka, akageuka taratibu, na pale katikati ya banda, kwenye mwanga mweupe ulioingia kwa mlango ulio wazi, alikuwepo mwanamume aliyelowa mpaka kidevuni, shati limemganda kifuani, matope ya mto yakimchuruzika miguuni, mikono yake yote miwili imenyooshwa juu ya kichwa kama mtu anayevusha kitu asichotaka kilowe, na mikononi hamkuwa na kitu, vidole vimekunjika kushika hewa tupu, vikitetemeka kwa uzito wa kile ambacho hakikuwepo, na Melkiadi alipotaka kukimbia akahisi maji ya baridi yanampanda, kutoka vifundoni hadi magotini, kutoka magotini hadi kiunoni, ingawa macho yake yaliona vumbi la mbao tu sakafuni, na yule mtu akageuza shingo pole pole, akamtazama bila hasira yoyote, kama anayemuuliza amekiweka wapi.

"Kanisani," Melkiadi akasema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto. "Nimekiweka kanisani. Nitakirudisha."

Skolastika alimkuta amekaa nje ya mlango, suruali imelowa hadi kiunoni. Akamwambia yote palepale chini, uso wa gitaa, plaiwudi, na yale maneno aliyomwambia mjane baada ya misa. Mkewe alisikiliza hadi mwisho.

"Ulimwambia mbao zinaomboleza," alisema.

"Ndiyo."

Skolastika akanyanyuka, akaingia ndani.

Asubuhi Melkiadi alikwenda kwa Deogratias, mwalimu wa kwaya, rafiki yake wa tangu ujana. Deogratias alilitoa gitaa kabatini huku akisikia habari yake, na alipomaliza kuisikia alilishika kwa ncha za vidole.

"Tumelipiga mwaka mzima mbele ya altare," alisema. "Chukua. Lakini Jumapili utasimama wewe mwenyewe, uwaambie waumini kwa nini kwaya haina gitaa."

Melkiadi akakubali. Akalifunga mgongoni, akapanda baiskeli, akaendesha asubuhi nzima hadi Katumba.

Vénérande alikuwa anaanika muhogo mbele ya nyumba. Alifurahi kumwona, akamletea kigoda na maji ya kunywa. Melkiadi hakukaa wala hakunywa. Alisema yote akiwa amesimama juani, bila kupamba, hata yale maneno ya siku ya Pasaka.

"Lilete gitaa lako, mama," alimalizia. "Nitaurudisha uso wake leo hii hii, mbele yako."

Vénérande alitazama muhogo wake. "Halipo," alisema. "Mwezi wa sita watoto walikuwa na homa, kuni hazikuwepo. Nikajiambia, nalia juu ya mti mkavu, Silvesta hayumo tena humu. Nikalivunja, nikawapikia uji."

Melkiadi alilishusha gitaa mgongoni. Ng'ambo ya njia mtu alikuwa anatwanga.

"Umesema umemwona," Vénérande akasema. "Mikono yake ilikuwaje?"

"Juu. Yote miwili."

Hapo ndipo alipolia, bila sauti, akijifuta kwa mgongo wa mkono wenye unga wa muhogo. Kisha akaingia ndani, akatoka na kisu cha jikoni na makaa kwenye kigae, akaviweka chini mbele ya fundi.

"Ubandue," alisema. "Huo uso tu. Hilo tumbo la gitaa lako silitaka."

Aliubandua taratibu, usipasuke. Vénérande aliupokea, akaulaza kifuani. Ulikuwa kipande chembamba cha mbao chenye tundu katikati, na hakuna chochote kingeweza kupigwa juu yake tena.

"Atanifuata bado, mama?" Melkiadi akamuuliza.

"Nitamwambia akuache. Nitamwambia kimefika." Alikuwa ameshageuka kuingia ndani. "Lakini siwezi kukuahidi, Mwalimu. Usiku ule nilimwita kutoka ng'ambo, nikamwambia aliachie gitaa aogelee. Nilimwita mpaka koo likatoka damu. Hakunisikia."

Jumapili Melkiadi alisimama kanisani akasema. Walipotoka, waumini walijigawa mbele yake wakamwachia njia. Nyumbani alikwangua yale maandishi mekundu kwa msasa hadi mbao ikabaki tupu, na ilipokaribia saa saba alichukua misumari na ubao wa kupigilia mlango. Mlangoni akasimama.

"Niangalizie ndani," alimwambia mkewe. "Mimi siwezi."

Skolastika aliingia. Melkiadi alizisikia hatua zake ndani ya banda tupu, akamsikia akisimama, kisha akamwona kupitia mlangoni akichutama katikati na kubandika kiganja sakafuni. Alikaa hivyo kitambo kidogo.

"Pamekauka," alisema alipotoka. "Pigilia tu, Baba Lusia."

Lakini hakumtazama usoni. Alipita pembeni yake akielekea jikoni, na njiani akakifuta kile kiganja kwenye kanga yake, akarudia kukifuta.