Anayekaa Kitandani kwa Adero

Mogesi alikuwa na nguvu zake. Miaka mingi alimeza dawa za virusi vya ukimwi bila kuruka siku, na pale kijijini Genkuru alilima kuwashinda wanawake wasio na ugonjwa wowote. Alipoanguka na bodaboda akavunjika mguu, mdogo wake Frida alimpeleka hospitali moja mjini Tarime, na njia nzima Mogesi alikuwa akimtania dereva.

Mguu ulifungwa vizuri. Kilichomuua ni mkono.

Sindano ya dripu iliachwa mkononi hadi plasta ikawa nyeusi. Mshipa ukavimba, ukaanza kutoa usaha.

"Dada, mtoeni sindano hii," Frida alimwambia nesi.

"Tutakuja."

Hawakuja. Ilikuja homa, na baridi iliyotikisa kitanda. Daktari akasema bakteria wameingia kwenye damu. Mogesi alipokata roho, nesi yuleyule alimnong'oneza Frida, "Si unajua hali yake."

Neno hilo lilimchoma Frida kuliko kifo chenyewe. Virusi vya dada yake vilikuwa havionekani hata kwenye kipimo! Msibani, huyu anasema ukimwi, yule anasema mama mkwe amemroga. Sindano hakuna aliyeitaja.

Baada ya mazishi alirudi wodini kuchukua ndoo na shuka za marehemu. Ilikuwa mchana, jua limejaa madirishani. Kwenye kitanda cha Mogesi alilala msichana wa Kijaluo, Adero, naye ana dripu mkononi.

"Yawa, jamani dada," Adero alinong'ona. "Mwambie huyu mama atoke."

"Mama gani?"

"Huyu aliyekaa miguuni kwangu. Ananivuta mkono. Anasema toa. Toa. Toa."

Frida alitazama. Hapakuwa na mtu. Ila godoro lilikuwa limebonyea.

Akasogea. Plasta ya Adero ilikuwa nyeusi. Chini yake, usaha.

Hasira ikashinda hofu. Frida alipaza sauti.

"Mtaua wangapi? Na huyu mtasema ni hali yake?"

Nesi yuleyule alikuja mbio, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye kidonda. Frida akamsukuma hadi bombani.

"Nawa kwanza!"

Nesi akanawa. Akavaa glavu. Akaichomoa sindano.

Adero akafumba macho. "Amesimama," akasema. "Hanitazami mimi tena. Anamtazama nesi."

Adero alipona, akarudi kwao. Nesi yupo kazini mpaka leo. Kila zamu hupita kitanda hadi kitanda, anafunua mikono ya wagonjwa, hata ya wale wasio na dripu. Mkono wake mwenyewe ameufunga bandeji. Chini ya bandeji kuna tundu dogo, juu ya mshipa. Hakuna aliyemchoma. Halitoi usaha, haliumi.

Wala halifungi.