Herufi Aliyoiongeza Otilia

Steshenari iliyo karibu na stendi ya Babati ilifurika asubuhi ile. Mkoa ulikuwa mpya na kila ofisi ilitaka kuchapa barua. Otilia, ndani ya gauni lake la kitenge cha bluu, alichoka kusubiri, akaokota tangazo lililokuwa mezani na kuanza kulisahihisha.

"Samahani dada, hilo ni langu."

"Lako? Umeandika 'chajo ya ng'ombe'. Ni chanjo, kaka."

Kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri alicheka. "Nyumbani tunaongea Kibarbaig. Hizo n huwa zinanitoroka."

Aliitwa Damasi, bwana mifugo kutoka Hanang. Otilia alikuwa ameacha ualimu ili ahariri miswada kwa kujitegemea, kazi ambayo mama yake aliiita kusahihisha madaftari ya watu wazima. Lakini wachapishaji wa Arusha walishaanza kumtumia bahasha kwa basi, maana kosa halikumpita. Alijivuna, tusimfiche.

Damasi akawa analeta vijitabu vyake vya mifugo Maisaka, alikopanga Otilia. Baadaye akawa haleti kitu, anakuja mwenyewe tu.

"Mwalimu wangu, leo nimekosa wapi?" alizoea kuuliza kwenye simu.

"Umekosa kuja."

Mwaka wa pili, Otilia akiwa ameinamia mswada mnene uliotakiwa kesho yake, meseji iliingia. "Mpenzi, nataka kukuoa. Jumapili nije kwenu?"

Alitabasamu, akajibu haraka: "Siyo kukuoa, ni kukuona! Karibu sana Jumapili."

Akapika wali na kuku. Damasi hakuja. Alipiga, simu haikupokelewa, akanuna. Wiki ya tatu akasikia kwamba Damasi amekubali uhamisho wa Simanjiro. Hakuaga! Otilia akajizika kwenye kazi, jina likakua, na moyo ukazidi kumuuma. Baada ya miezi minane akashindwa, akapiga tena.

"Damasi, nilikukosea nini?"

"Nilitaka kukuoa, ukaniambia siyo kuoa, ni kuona. Nikaelewa."

Otilia alikaa sakafuni. "Nilidhani umesahau n! Nilikuwa nasahihisha, Damasi. Mungu wangu, nilikuwa nasahihisha tu!"



"Ile niliiandika polepole," Damasi alisema. "Nikairudia mara tatu. Haikuwa na kosa, Otilia."

"Njoo basi. Njoo hata kesho."

"Wazee walishapeleka ng'ombe wa mahari kwa kina Modesta. Mwezi uliopita."

"Unampenda?"

"Ni mtu mzuri. Hajanikosea kitu, nitamwachaje?"

Otilia alitaka kubishana, akaacha, kwa sababu huyu ndiye Damasi aliyempenda, asiyeweza kumuumiza mtu.

"Basi mpende," alisema, machozi yakimtoka. Akamsubiri akate simu. Damasi hakukata. Wakakaa hivyo, wakisikilizana wanavyopumua, mpaka salio la Otilia likaisha.